Mwaka Nilioruka Kichura

Siku aliyokufa Kocha Vuai Songoro, redio ilimsifu tangu chai ya asubuhi mpaka karibu na Adhuhuri. Mimi nilikuwa dukani Darajani, nauza bawaba na vitasa vya watu, na muuza viatu wa mlango wa pili alikuwa ameifungulia redio yake mpaka mwisho, kwa hivyo sikuwa na pa kukimbilia. Mmoja akapiga simu kusema marehemu alikuwa mkali lakini ukali wake umezaa wanaume. Mwengine akasema makocha wa siku hizi wanawabembeleza wachezaji kama biharusi, ndiyo maana mpira wetu umelala. Wa tatu hakukubali, akasema mpira unataka upole, na mfano akautoa palepale: Maalim Sudi Baraka, aliyekuwa msaidizi wa huyo huyo Vuai, mtu asiyejua kupandisha sauti. Wakabishana mkali na mpole, mpole na mkali, kama watu wanaochagua baina ya chai ya rangi na chai ya maziwa. Kisha simu yangu mwenyewe ikalia. Mtangazaji, kwa adabu zake zote, shikamoo kwanza, ananitaka mimi kama mchezaji wa zamani nieleze kwa dakika mbili jinsi ukali wa Kocha ulivyonijenga. Nikamwambia haukunijenga, umenibomoa, na huyo mpole wenu mnayemsifu ndiye aliyenishika nisikimbie. Akasema laini mbaya, ahsante mzee wetu, akakata. Laini ilikuwa nzuri, nilikuwa namsikia mpaka anavyofunua karatasi zake.

Basi nnaandika. Shule yangu ndogo, darasa la saba nimelimaliza kwa kuchungulia daftari la jirani, lakini jambo hili halitaki shule. Na majina ntayataja: Vuai Songoro, Sudi Baraka, na Feruzi mwenyekiti, mwenye nyumba ya Uroa. Jina la timu silitaji, nshaliondoa mdomoni mwangu siku nyingi.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, winga wa kulia, na mpira ndio ulikuwa kazi yangu, sina nyengine. Klabu ilikuwa na chumba kimoja cha ghorofani, Mji Mkongwe, juu ya fundi mabati, na ngazi zake za mbao nilikuwa nazipanda mbili mbili. Leo ngazi yoyote naipanda kama mtoto anayejifunza, mguu mmoja ukifika unamngoja mwenzake. Ndani ya chumba kile palikuwa na makombe mawili yaliyoingia kutu, mabenchi, picha za watu waliokwisha kufa, na mtungi wa maji wenye kata yake juu. Siku ya mwanzo Vuai alipoingia hakutuamkia. Aliutazama mtungi, akaubeba kwa mikono miwili, akaenda nao dirishani akaumwaga kichochoroni. Tukamsikia mtu huko chini anatukana. Akaurudisha mtupu pale pale ulipokuwa. Akasema kuanzia leo mchezaji wake hanywi maji mpaka mazoezi yaishe, maji yanalegeza miguu. Hakuna aliyemuuliza nani kamwambia. Alikuwa mfupi, shingo nene, aliwahi kuwa askari, na suruali zake za mazoezi alikuwa akizipiga pasi mpaka zina mstari. Firimbi aliivaa shingoni lakini hakuipuliza hata siku moja, alipiga mbinja kwa vidole viwili, mbinja ya kumwitia mbwa. Ukichelewa, kichura. Ukipoteza mpira mara mbili, kichura. Ukimjibu, kichura na matusi ya mama yako juu yake. Unachuchumaa, mikono nyuma ya kichwa, unaruka hivyo hivyo kutoka goli mpaka goli, na yeye yuko ubavuni mwako anatembea taratibu kama mtu anayesindikiza mgeni.

Nyuma ya Vuai ndipo alipokuja Maalim Sudi. Mrefu, mwembamba, kofia nyeupe safi, mtu aliyesomesha watoto Kurani chuoni asubuhi na kutufundisha mpira jioni. Mfukoni alikuwa na kitambaa, na ndani ya kitambaa halua, na ukimaliza kichura chako, ukiwa umelala chini huoni mbele, unasikia mkono begani na kipande cha halua kinaingia mdomoni. Akikwambia, msimchukie mwenzangu, anakupendeni, ila ulimi wake hauna mlango. Sote tulimpenda Maalim. Mimi nilimpenda kuliko wote, na sioni haya kuliandika hilo, maana bila ya hilo mtu hatoelewa yaliyonifika. Siku hizi nikiwasikia watu barazani wanagombana yupi alikuwa bora, najiuliza kama waliwahi kumtazama mpasuaji wa kuni na mwenzake anayezipanga. Mmoja anapiga shoka, mwengine anazipanga vizuri, kwa upole, zisianguke. Kuni ni zile zile, na jikoni ni kule kule.

Tulicheza mwaka mzima hivyo, shoka na halua, na wallahi tulishinda. Tukafika fainali. Zikiwa zimebaki siku kumi, Feruzi akatutia kambini Uroa, kwenye nyumba yake ya mapumziko, wachezaji kumi na wanane katika vyumba vitatu. Nnakikumbuka chumba chetu kuliko nnavyokikumbuka chumba nilichozaliwa. Magodoro sita chini, ukuta wa chokaa unaobambuka ukiuegemea, soksi zimeanikwa dirishani, na harufu ya mwani unaokaushwa nje inaingia mpaka kwenye mto. Aliyetupikia alikuwa Bi Time, mwanamke wa pale pale Uroa, mnene, mcheshi, asiyemwogopa mtu. Asubuhi chai na muhogo wa kuchemsha, mchana wali na mchuzi wa changu, siku nyengine pweza wa nazi, na akikupakulia alikutazama kwanza, aliyekonda alimwongeza bila kusema. Vuai aliwahi kumwambia asitushibishe, tutakuwa wazito. Akamjibu, "Kocha, wewe una mbinja yako na mimi nna upawa wangu. Sijaja kukufundisha kupiga mbinja." Tulicheka mpaka tukapigishwa kichura sote.

Sasa nije kwenye uzi. Siku ya mwanzo ya kambi Feruzi alikuja na mganga wake, mtu mdogo mwenye mkoba, akafunga uzi mweupe langoni, nguzo hii mpaka nguzo ile, chini chini. Tukauvuka mmoja mmoja tukiingia, mguu wa kulia mbele. Tukaambiwa kambi imeshafungwa, hatoki mchezaji mpaka asubuhi ya mechi, na atakayetoka anatoka na bahati ya timu. Mlango wa pwani haukuhesabika, huko ndiko tulikofanyia mazoezi; lililofungwa ni lango la barabarani. Nilimtazama Maalim, mtu wa chuoni, mtu wa msahafu, nikitaraji atasema neno. Aliinamisha kichwa. Baadaye alituambia pembeni kuwa mambo haya si mazuri, lakini tusimvunje moyo Mwenyekiti. Huo ndio ulikuwa upole wake, hakutaka kumvunja mtu moyo. Moyo.

Bi Time peke yake ndiye aliyeingia na kutoka. Mganga alisema mpishi hana hesabu, si mchezaji. Kila asubuhi aliuvuka ule uzi na kikapu chake kwenda kutafuta samaki na nyanya, na kila akirudi aliuvuka tena.

Siku ya tano, bahari imekupwa, Vuai akatupeleka pwani saa sita za mchana tukabebane mgongoni kwenye mchanga mbichi, mmoja anambeba mwenzake mpaka kwenye vigingi vya mwani na kurudi. Jua la pale kwenye mchanga mweupe linakupiga juu na linakupiga chini. Wanawake waliokuwa wakifunga mwani waliacha kazi wakatutazama. Mmoja akauliza hawa wana nini, mwenzake akamjibu labda wameiba. Katika duru ya nne au ya tano kiu ikanishinda. Palikuwa na dumu la hao wanawake, limefunikwa kwa kanga, nikaomba, nikapewa, nikanywa mafunda matatu. Mafunda matatu ya maji, hayo ndiyo makosa yangu. Mbinja ikalia. Vuai akanyosha kidole kutoka pale niliposimama mpaka kwenye gogo lililokuwa mbali huko, akasema kwenda na kurudi, kichura, na wenzako wakungoje juani mpaka umalize, ili wakushukuru. Nikaruka. Wale wanawake kwanza walicheka, mmoja akasema, "Wanaruka kama vyura na mvua haikunyesha," kisha wakaacha kucheka. Wakati wa kurudi goti langu la kulia lilizama kwenye mchanga, mwili ukaenda upande wake na goti likabaki upande wake, likalia kama kijiti cha muhogo kinapovunjwa. Nikaanguka kwa uso. Vuai akasimama juu yangu akasema inuka. Sikuinuka. Akasema inuka, unadeka. Ndipo mwanamke mmoja wa mwani, simjui jina mpaka leo, akapiga kelele kutoka kwenye maji kwamba mwenzenu kaumia, hamna macho nyinyi.

Walinibeba mpaka chumbani. Goti lilivimba likawa kama bungo bivu, sikuweza hata kulifunika shuka. Bi Time aliingia bila kubisha hodi, akalitazama, akaweka mikono kichwani. Akanambia gari ya samaki inapita alfajiri kwenda mjini, dereva ni mtoto wa dada yake, atanipakia mbele, saa mbili nshafika hospitali. Nikamwambia, Bi Time, uzi.

"Mimi nauvuka uzi ule kila siku na kikapu," akasema. "Ingekuwa bahati yenu inatoka na anayetoka, ishamalizika zamani, nimeipeleka sokoni. Nenda zako, mwanangu. Mguu una mwenyewe."

Nikakubali. Nataka ijulikane kwamba nilikubali. Nilikusanya nguo zangu, nikaziweka ndani ya mfuko, nikaulalia mfuko. Hofu ya Vuai haikunizuia. Vuai angekuja pale akanitukana, ningetoka nikitambaa. Ukali una faida hiyo moja tu, unakupa sababu ya kukimbia.

Aliyekuja ni Maalim Sudi. Alikuja baada ya sala ya Magharibi na beseni la maji ya moto, chumvi, na chupa ya mafuta ya nazi. Akaketi chini kwenye sakafu, mtu mzima yule, msomi, akaliweka goti langu mapajani mwake na kulichua. Alilichua kwa vidole gumba, akisoma dua, na mimi nikilia kwa maumivu yeye akilia na mimi. Machozi ya kweli, nimeyaona. Kisha akafungua kile kitambaa chake, na mara hii ndani hamkuwa na halua, mlikuwa na vidonge vyeupe. Akanishika mkono wangu kwa mikono yake miwili. Akasema, "Makame, mwanangu, nakuomba mimi, si Vuai. Usituvunjie kambi. Wenzako kumi na saba wanakutazama wewe. Siku tano tu, na mechi ikesha nakupeleka hospitali mimi mwenyewe, kwa mkono wangu huu." Katika maisha yangu nilishaamrishwa na kila mtu. Kuombwa, na mtu mkubwa, akiwa ameketi chini na mimi niko juu ya godoro, ilikuwa ndiyo mara ya mwanzo. Nikasema naam, Maalim. Gari ya samaki ilipopiga honi alfajiri nilimsikia Bi Time anamwambia dereva aende zake, hayupo mgonjwa. Asubuhi ile alinipakulia muhogo bila kunitazama.

Siku zilizofuata Maalim alinichua mara mbili kwa siku na vidonge vilikuja kwa idadi anayoijua yeye. Goti likawa halisikii maumivu. Siku moja kabla ya mechi nilikuwa nimekaa nyuma ya ukuta wa jiko, nao wakawa upande wa pili, yeye na Vuai, hawanijui niko pale. Vuai alikuwa anasema aniondoe, amtie mwengine. Nimemsikia kwa masikio yangu. Alisema punda akivunjika mguu hapakiwi mzigo, mguu wa huyu umekwisha, hanifai. Na Maalim akamjibu kwa ile sauti yake ya taratibu, "Niachie mimi. Huyu ananisikia." Akaongeza kwamba Mwenyekiti anataka wale wale kumi na mmoja waliopangwa siku ya kufungwa uzi ndio wacheze, asibadilishwe mtu, na kwamba dakika arobaini na tano zitawezekana, keshanipima. Vuai akatema mate, akasema haya, ni wako huyo.

Nini nilihisi mimi pale nyuma ya ukuta? Nilifurahi. Hapo ndipo pananiuma kuliko goti. Nilimsikia mmoja ananitukana punda na mwengine ananitetea, nikasema alhamdulillahi, nina mtu. Miaka imepita mingi ndipo nilipoyapima maneno bila ya sauti zake. Yule mwenye matusi alikuwa anasema nisicheze. Yule mwenye huruma alikuwa anasema nicheze. Sitaki mtu aje kunambia Vuai alikuwa mwema, hakuwa, aliniona mzigo na yeye ndiye aliyenivunja. Lakini wakati ule, katika nyumba ile nzima, watu wawili tu ndio waliouona mguu huu umekwisha, mpishi na yule jahili. Wote wengine walikuwa wananipenda.

Tulicheza, na tulishinda bao moja. Watu wanalikumbuka bao lile na wanasahau nani aliyetoa krosi. Nilikimbia pembeni na mguu nisiousikia, nikaupiga mpira ukaenda kichwani kwa mwenzangu, ukaingia, na mimi nikitua baada ya kuupiga, hakuna aliyenigusa, hakuna aliyekuwa karibu nami hata kwa hatua kumi, goti likaondoka. Nilisikia uwanja mzima unashangilia na nikadhani, kwa ujinga wa maumivu, kwamba wananishangilia nilivyoanguka. Nilitolewa. Kikombe kilipobebwa mimi nilikuwa nimelazwa juu ya benchi katika chumba cha kubadilishia nguo, peke yangu, nasikiliza ngoma. Katika ile picha ya washindi iliyotundikwa klabuni simo. Feruzi aliutoa ule uzi langoni akaukunja akauweka mfukoni, akasema umefanya kazi. Maalim aliyeniahidi mkono wake alikuwa juu ya gari, anazungushwa mjini na wenzake. Aliyenifikisha hospitali ni dereva wa gari ya samaki. Bi Time alimtuma anitafute.

Daktari aliuliza nimeumia lini. Nikamtajia siku yenyewe. Akauliza nani alikuwa analichua. Nikasema Maalim. Akasema, maalim wa nini? Kisha akanieleza taratibu kwamba ningefika siku ile ile, nikafungwa, nikapumzika, huenda ningerudi kiwanjani. Kwa kuchuliwa na kuchezewa, kilichokuwa kimechanika kidogo kimekatika chote. Nimelala pale wiki nyingi, kitanda cha dirishani, harufu ya dawa na ya bahari pamoja. Vuai alikuja mara moja. Hakukaa. Alisimama miguuni mwa kitanda na suruali yake ya pasi akasema, "Kichura kile kilikuwa kingi. Nilikosa." Akageuka akaenda zake, akaenda kuwarukisha wengine, maana hakuacha, na wapo wenye magoti kama langu wanaojua nnalosema. Maalim alikuja mara nne. Kila akija alikuwa na machungwa aliyoyamenya mwenyewe, akinilisha kipande kipande, akisema yote ni kudra ya Mungu. Kuhusu vidonge vyake hakusema neno, wala kuhusu beseni, wala kuhusu ahadi. Nikimaliza chungwa alinifuta mdomo. Mwaka ukaisha nna magongo, na klabu ikaniandikia barua ya shukurani.

Sasa siku hii ya redio, nilifunga duka nikaenda maziko, Kiembe Samaki, kwa marehemu. Sijui kwa nini nilikwenda. Labda nilitaka kuhakikisha. Uwani palijaa watu, wachezaji wa zamani wamekaa upande mmoja, wengi wao wakiketi kwa kunyosha mguu. Kabla jeneza halijainuliwa, kaka wa marehemu alisimama kama ada, akasema aliyekuwa anamdai ndugu yake aje kwake, na aliyekosewa naye kwa ulimi au kwa mkono amsamehe hapa hapa, maana anakwenda pasipo na kurudi. Watu wakaitikia tumemsamehe, kwa haraka, kama wanavyoitikia siku zote. Mimi nilichelewa. Nililitazama lile jeneza, nikamkumbuka amesimama miguuni mwa kitanda. Alikuja akasema amekosa. Maneno machache, lakini aliyasema yeye, kwa mdomo wake, akiwa hai. Nikasema nimemsamehe, kwa sauti, mpaka walio mbele wakageuka.

Mkono ukanishika begani. Maalim Sudi Baraka, ndevu zimekuwa pamba, kofia ile ile nyeupe. Akaushika mkono wangu kwa mikono yake miwili, machozi yanamtoka, akasema Mungu anilipe, nna moyo mpana, amefurahi mno kuniona nimesafiana nia na mwenzake. Nikamwambia shikamoo, akaitikia marahaba. Kisha nikamwambia lile nililolibeba.

"Maalim, huyu nimemsamehe kwa sababu aliniomba. Wewe hujaniomba bado."

Alinitazama kwa mshangao, na hakuwa anajifanya, ningelijua. Alitafuta kweli ndani ya kichwa chake na hakukuta kitu.

"Mimi nilikukosa nini, Makame? Sijapata kukupandishia sauti hata siku moja."

Ni kweli. Hajapata. Jeneza likainuliwa, watu wakaanza kupokezana. Nikautoa mkono wangu ndani ya mikono yake, nikachechemea mpaka mbele, nikatia bega kumbeba Vuai.